Cherehani ya kipepeo: wiki moja ya Kwaresima kati ya Malindi na Langobaya

Jumatatu, 10 Machi 2025. Barani, Malindi

Leo nimefunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo wateja wangu hawajalizoea. Sare mbili za shule zimebaki bila vifungo, na suruali ya mzee mmoja haijakunjwa upindo. Wote nimewaambia Jumatatu ijayo, na wote wameniangalia kama watu wanaozijua Jumatatu za mafundi.

Cherehani nimeishusha mezani. Nimeipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, nimechokoa nyuzi zilizosokotana chini ya meno, kisha kichwa nimekifunga kwa leso mbili na miguu ya chuma nimeifunga kivyake. Ni Butterfly nyeusi. Kipepeo cha dhahabu kilichochorwa ubavuni kimebaki na bawa moja. La pili limefutika pale kiganja kinapoegemea. Si kiganja changu kilicholifuta. Ilipofika kwangu bawa lilikuwa limekwisha kwenda.

Nieleze tangu mwanzo, maana daftari hili wanangu watalisoma siku moja. Mwezi wa pili mwaka 2022 alinijia fundi mwenzangu, mama aliyekuwa akishona vitambaa vya viti na nguo za watoto upande wa sokoni. Zamani tulisali kanisa moja, kabla hajahama. Alikuja na mkokoteni na cherehani hii juu yake. Akasema anauza. Dukani ilikuwa haipungui 14,000. Nikamtajia 3,500, mzaha tu, nikingoja anitukane tuanze kupatana. Akasema sawa. Pesa akazipokea bila kuzihesabu. Nilipomuuliza sasa atashonea nini, akanijibu, "Huko niendako hakuna kushona, fundi. Naenda kukaa karibu na Yesu."

Nilikuwa nakunywa chai. Nikamkaribisha, akasema amefunga. Nami, mzee wa kanisa, mtu wa kuombea wagonjwa na kufungua mikutano, nikamwambia, "Mungu akutie nguvu."

Aprili ya mwaka uliofuata ndipo Kenya nzima ilipolijua jina la Shakahola. Watu walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu, wakubwa kwa watoto. Miili iliyofukuliwa kule msituni ilipita 400, ikaletwa hapa mjini kwetu, chumba cha maiti kikafurika. Kesi ingali mahakamani nami siisemi. Ninachokisema ni hiki chuma kilichokuwa kibandani mwangu.

Mimi huzungumza na Yesu nikishona. Si sala ya kupiga magoti; ni maneno ya kazini, kama unavyomsemesha mtu aliyekaa kwenye benchi akingoja nguo yake. Nimemweleza ada za shule, nimemweleza mgongo wangu, nimemlalamikia bei ya vitambaa. Lakini tangu 2023, kila nikianza tu, mazungumzo yanaishia hapa. Sauti kwa masikio sisikii, na baada ya Shakahola namwogopa anayesema anaisikia. Ni kama mgeni anapokaa kimya akitazama kitu kimoja chumbani, mpaka na wewe unajikuta unakitazama.

Zakayo alirudisha mara nne, na alisema hivyo baada ya Yesu kuingia kwake. 3,500 mara nne ni 14,000. Hesabu ilikaa sawa mno hata nikakasirika. Siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 5, nikakata shauri la kuirudisha cherehani. Mama mzazi wa yule fundi nasikia yu hai, upande wa Langobaya.

Jioni nimempelekea jirani ufunguo. Ni mwanamke wa Kiislamu, muuza kaimati na viazi karai, na kwa kuwa kumi la kwanza la Ramadhani linaishia, pale kwake hapapitiki. Mwaka huu mifungo yetu imekutana, wao Ramadhani sisi Kwaresima, na tumekuwa tukitaniana nani amekonda. Akaniuliza kama nitafunga njiani. Nikasema Jumatano na Ijumaa, kama kawaida yangu. "Kwetu msafiri ana ruhusa," akasema, huku akinipa kaimati kwenye gazeti. "Atalipa baadaye. Nyinyi mnajitia ugumu."

Nimekumbuka habari ya Fransisko Saveri, ambayo wageni huelezwa pale kwenye kanisa dogo la Wareno karibu na bahari, lile la makuti. Alipita hapa mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika mtu aliyefia chomboni. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu wa Malindi alimuuliza kama kwao Ulaya watu bado wanasali, maana mji huu ulikuwa na misikiti 17 na mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watu. Alikuwa na huzuni yule mzee, hakuwa na ubishi. Miaka karibu 500 imepita na mimi na mama kaimati tungali kwenye mazungumzo yale yale, ila sisi tunacheka.

Jumanne, 11 Machi. Njiani, halafu Jilore

Dereva wa Probox alitaka cherehani ilipe kama abiria wawili. Nikamwambia haina matako. Akasema ina miguu minne. Tukaishia abiria mmoja na nusu, kichwa nikakipakata mwenyewe.

Joto la malelezi, kaskazi imekufa na kusi haijazaliwa, hakuna hata jani linalotikisika. Baada ya Ganda minazi inaanza kuachia nafasi na muhogo unachukua. Nilipopanda nilikuwa nimesalimu gari zima kwa "Bwana asifiwe", kama nilivyozoea. Aliitikia mmoja. Wengine walitazama nje, na kijana aliyekuwa mbele akageuka kabisa kunitazama usoni, halafu akatazama furushi. "Mzee ni mhubiri?" Nikasema ni fundi wa nguo. "Ahaa," akasema, na gari likapumua. Kwenye barabara hii salamu ile imekuwa na harufu. Zamani ilikuwa inakupatia kiti.

Niliposhuka nikagundua mkanda wa ngozi wa cherehani umeanguka mahali, labda Ganda tulipopakua magunia. Bila mkanda cherehani ni sanduku la chuma. Nimelala kwa dada yangu nikiwa na hasira ya kitoto.

Jumatano, 12 Machi. Jilore

Siku ya kufunga. Nimenawa uso na kupaka mafuta, kama tulivyoagizwa, ili nisitembee na sura ya kutangaza.

Mke wa mpwa wangu wa hapa anafuga vipepeo. Sikutanii. Ukiwa unaishi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke unaweza kuuza vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, ulioanza mwaka 1993. Huwafuga kwenye kizimba cha neti, huwalisha viwavi majani ya miti ileile wanayokula msituni, na vinapojifunga kwenye vifuko vyao huvikusanya na kuvipeleka Gede, vikasafirishwe ng'ambo kwa watu wenye nyumba za kuonyesha vipepeo. Biashara haina siku ya kulala: kifuko kikichelewa, kipepeo hutokea njiani na pesa imeruka. Alinifungulia kizimba nichungulie. Viwavi vilikuwa vinakula. Ukinyamaza unasikia, sauti kama mvua ndogo juu ya makuti. "Hivi," akasema, "usipovilisha leo, kesho hakuna cha kujifunga. Watu hudhani kipepeo anatoka kwenye kulala. Anatoka kwenye kula."

Sijui kama alijua anamwambia nini mtu aliyefunga. Nadhani alijua. Nilimweleza jana usiku ninakokwenda.

Mchana nilikwenda kukaa na mzee wa kanisa la hapa. CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walifungua kituo Jilore mwishoni mwa karne ya 19, na mzee ana habari zote, zilizoandikwa na zile ambazo hakuna wa kuziandika. Alinieleza habari za watoro. Malindi ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, na waliopata upenyo walikimbilia huku bara, wakajificha msituni, wakalima vyao, wengine wakaishia kwenye vituo vya wamisionari. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907. "Kwa hiyo wazee wetu wengine," akasema, "walipita njia hii hii unayopita, wakaingia msitu huu huu, wakisikia habari za Yesu. Lakini walikuwa wanakimbilia kuishi."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama najua Yesu alisema nini alipomfufua binti Yairo. Nikasema, "Talitha, kumi." Akatikisa kichwa: endelea mbele. Akafungua Marko sura ya 5, kidole chake kikashuka mpaka mstari wa mwisho kabisa. Akaamuru apewe chakula.

Nimesoma sura ile tangu Jumapili ya watoto. Sijawahi kuuona mstari ule. Msichana wa miaka 12 ametoka kufa, nyumba nzima inashangaa, wazazi wamechanganyikiwa, na mtu mmoja tu chumbani ndiye anayekumbuka kwamba mtoto hajala. Mzee akasema kila mhubiri anayemjia hapa na habari mpya ya Yesu humpima kwa mstari huo: huyo Yesu wako, mtoto akiwa mbele yake, anaagiza apewe chakula au anaagiza anyimwe? Hataki theolojia nyingine. Yeye ana miaka zaidi ya 80 na anasema muda wa nyingine hana.

Nikamuuliza basi kwa nini tunafunga Kwaresima. Akacheka. "Wewe ukifunga, chakula chako cha mchana kimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Kimebaki sufuriani kwa dada. "Basi hujafunga, umechelewesha." Nikakumbuka Isaya 58, ile saumu ya kumgawia mwenye njaa chakula chako, nikaona haya, kwa sababu sura ile nimeihubiri mwenyewe, kwa sauti kubwa.

Jioni nilitembea hadi ziwani. Maji yamerudi nyuma, matope yamepasuka vipande vipande kama kigae. Nilijaribu kuzungumza na Bwana kama tunavyozungumza kibandani. Tulikaa tu.

Alhamisi, 13 Machi. Kakoneni

Pancha. Bodaboda iliyonibeba ilitoboka na nikashinda chini ya mwembe na furushi langu. Kijana wa kuziba pancha, baada ya kuniuliza maswali kama polisi, alichukua tyubu kuukuu akakata utepe mrefu mwembamba, akaufunga fundo na kuuvuta. "Jaribu hii badala ya mkanda." Nikampa 50, akanirudishia 20. Langobaya nimefika giza limeingia, nimelala nyumbani kwa mwinjilisti.

Ijumaa, 14 Machi. Langobaya

Mji wa bibi, yule mama mzazi, uko mbali na barabara, nyumba mbili za udongo, moja ya mabati na moja ya makuti, mwarobaini katikati, mbuzi wachache wenye mbavu za kuhesabika. Mvua hazijaja. Mwinjilisti alinionyesha njia akarudi. Alisema habari hii ni yangu.

Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha ya pili. Kuku mmoja akatoka, akanitazama, akarudi ndani. Nikaweka furushi chini na nikawaza, kwa kweli kabisa, kwamba nikibisha ya tatu na asijitokeze mtu, adabu inaniruhusu kuondoka. Ningeiacha cherehani chini ya mwarobaini na 3,500 ndani ya leso. Angejua ni ya nani. Nilishapiga hatua mbili. Halafu nikawaza habari ya yule asemaye, Tazama, nasimama mlangoni, nabisha. Kwangu amesimama miaka miwili, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alihesabu hodi tatu akaenda zake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Nimekusikia tangu ya kwanza," akasema bibi, akitokea nyuma ya nyumba na jembe begani. "Nilitaka nione kama una shida ya kweli."

Nikamwamkia. Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Malindi, yenye mwanzo na mwisho, na sikutumia hata moja. Nikafungua leso tu. Alipoiona hakupiga ukelele. Alikuja akainama, akaweka kiganja chake cha kulia ubavuni, juu ya kipepeo, na kiganja kikakaa sawasawa mahali pa bawa lililofutika, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake.

"Hili nililifuta mimi," akasema. "Miaka 19. Niliinunua kwa mbuzi watatu na korosho za msimu mmoja. Yeye nilimpa alipoolewa."

Ndipo nikasema yote. Mkokoteni, bei, mzaha wangu. Sikumwambia kwamba sikujua anakokwenda, kwa sababu si kweli, nusu nilijua. Watu walikuwa wanauza mali zao na tulikuwa tunasikia. Nilinunua kwa sababu ilikuwa rahisi.

Alinisikiliza akitazama uwanjani. Nilipomaliza, swali lake lilikuwa moja.

"Siku ile, alikula kwako?"

Nikamwambia nilimkaribisha chai. Nikamwambia alisema amefunga.

"Nawe ukasema nini?"

Kwa yote niliyoyakiri, hili ndilo nililokuwa nimelificha, hata kwa Yesu nilikuwa nikilipita haraka. "Nilimwambia Mungu akutie nguvu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea chenji yake ikiwa kamili. Akainuka akaenda jikoni. Nikabaki na mjukuu wake, msichana wa kama miaka 13, ambaye mama yake alimwacha hapa kwa sababu siku ya kuondoka alikuwa na surua. Surua. Alikaa kando ya cherehani akizungusha gurudumu kwa kidole.

Moshi ulitoka jikoni muda mrefu. Saa saba hivi bibi akaja na sinia: sima, mboga ya mtsunga, na ng'onda, samaki wakavu niliowaletea kutoka Malindi, amewachoma makaani na kuwakamulia ndimu. Akaweka mbele yangu. Maji ya kunawa akayamimina mwenyewe.

"Kula."

Ilikuwa Ijumaa. Nikafungua kinywa kumweleza, "Mama, leo nime..." na neno likafika kwenye meno likasimama. Ningelitamkaje neno lile katika nyumba ile? Yeye alikuwa amekwisha kulisikia. "Hapa kwangu hakuna anayefunga," akasema. "Mchungaji akija, anakula. Askofu akija, atakula. Nawe utakula nikikuona."

Nikala. Alinitazama tonge baada ya tonge, hakuyaondoa macho mpaka nikamaliza. Samaki alikuwa na chumvi nyingi na sima ilikuwa ya moto mno, na sijawahi kula chakula kizito namna ile, na sisemi uzito wa tumboni.

Kuna asubuhi moja, baada ya kufufuka, Yesu amesimama ufuoni na moto wa makaa na samaki juu yake na mkate. Wenzake wamekesha baharini bila kitu. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Petro yumo, yule aliyemkana mara tatu, naye pia kando ya moto wa makaa. Ningekuwa mimi ningeanza na maswali. Yeye aliwalisha kwanza, na walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro kama anampenda. Mara tatu, ndiyo, na Petro akahuzunika. Lakini alihuzunika akiwa ameshiba. Kwangu leo swali lilitangulia na samaki akafuata, lakini mkono nimeujua ni ule ule.

Nikatoa pesa. Nilikuwa na 10,500 za kuongezea, ili Zakayo asinicheke. Alichukua 3,500 akazihesabu moja moja, jambo ambalo binti yake hakulifanya, na nyingine akanisukumia. Nikamwambia nimeitumia cherehani miaka mitatu, imenilipia ada. "Hesabu hiyo kamalizane naye," akasema. Sikuuliza naye ni nani.

Mwili wa binti yake bado. Alitoa mate yapimwe vinasaba pamoja na wengine, na tangu Machi mwaka jana familia zilipoanza kukabidhiwa watu wao, ameitazama simu ya mjukuu kila siku. Hajaitwa. Alinieleza hili akiwa anaosha sinia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mahindi.

Jumamosi, 15 Machi. Langobaya

Sikuondoka. Bibi alisema mtu hawezi kuleta cherehani isiyo na mkanda akaiita cherehani. Nimeifunga ule utepe wa tyubu. Unateleza kidogo ukikanyaga kwa nguvu, lakini unazungusha. Asubuhi nzima nimemfundisha mjukuu kutunga uzi, kujaza bobini, kukanyaga bila kurudisha gurudumu nyuma. Ana miguu ya mama yake, mepesi. Kosa lake ni haraka. Bibi aliketi mlangoni akikosoa kazi yangu ya ualimu. Nguo ya kwanza aliyoshona ni mfuko wa mto, upande mmoja umepinda kama njia ya mbuzi. Bibi akaulalia usingizi wa mchana papo hapo.

Mwinjilisti alikuja jioni akaniuliza kama ninataka kufika Shakahola, ni mbele kidogo tu, wageni wengi huomba kupelekwa. Nikasema hapana. Bibi akasema amekwenda mara moja na inatosha. Tulipoagana kwa sala, mimi ndiye niliyeombwa niombe. Nimezoea kuomba kwa muda mrefu. Niliomba chakula cha nyumba ile, mvua, na ile simu iite. Nikanyamaza, na ndani ya kimya kile, kwa mara ya kwanza tangu 2023, sikukutana na chuma. Alikuwa ametulia, kama zamani kwenye benchi. Niliogopa kusema chochote nisije nikaharibu.

Jumapili, 16 Machi. Langobaya hadi Barani

Ibada ya mabati, joto la tanuri, kwaya nzuri kuliko yetu na majoho mabaya kuliko yote niliyowahi kuona. Mwinjilisti alihubiri dakika 15, baada yake tukanywa uji, watoto kwanza. Bibi hakuja. Haji kanisani siku hizi. Mjukuu alikuja, akaketi nyuma karibu na mlango, na baada ya uji akakimbia nyumbani na kikombe kingine amekifunika kwa mkono.

Nimefika Barani magharibi inaadhiniwa. Mama kaimati alikuwa anagawa tende. Akanipa na mimi, akaniuliza nimefunga kweli huko. Nikamwambia Ijumaa nilifunguzwa mchana. "Alhamdulillahi," akasema, "mmoja ana akili huko."

Kibandani sakafu ina alama nne za kutu pale miguu ilipokuwa imesimama. Nimeiweka cherehani yangu ya zamani mahali pale, haienei vizuri, miguu yake ni mipana zaidi. Suruali ya upindo naanza nayo kesho. Nilikuwa nimekwisha kuzima taa simu ikaita, namba nisiyoijua, kelele za mbuzi nyuma.

"Fundi, uzi unakatika."

"Wa juu au wa chini?"

"Wa juu."

"Tazama ule mkono unaopanda na kushuka. Umeupitisha kwenye tundu lake?"

Kimya. Pumzi. Sauti ya bibi mbali ikisema usiku huu watu walale.

"Ooh," akasema.

"Haya. Kanyaga sasa, nisikie."